Tao hafifu pembeni mwa M83: lipo kweli angani au nimelivuta mwenyewe kwenye kompyuta?

#1 Mkesha
Wakuu, salaam. Nimepiga galaksi ya M83 usiku wa siku tatu mfululizo kwa darubini ya lenzi ya milimita 80. Vipande vya dakika tatu tatu, 130 kwa jumla, yaani saa sita na nusu. Nimevirundika pamoja na picha ya kawaida imetoka safi: mikono inaonekana, na vile vidoto vyekundu vya gesi vipo.

Halafu nikaanza kuivuta, yaani kuikuza nuru hafifu kwa kompyuta mpaka ionekane. Nimevuta histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa mwangaza wa picha, mpaka anga yenyewe ikageuka kijivu na kiini cha galaksi kikaungua chote cheupe. Hapo yakajitokeza mambo mawili. La kwanza ni tao hafifu upande wa kaskazini-magharibi, nje kabisa ya mikono ya galaksi, kama mtu kapitisha kidole chenye chaki kisha akakifuta. La pili ni wingu pana kwenye kona ya chini kushoto.

Mwenzangu mmoja ameitazama akaniambia nimechora. Sijachora. Ila nakiri kwamba sijui nimjibu nini. Mtu anajuaje kwamba kitu hafifu namna hii kipo?

#2 Tausi wa Usiku
Mkuu, usikasirike, lakini ukivuta vya kutosha hata vumbi la kwenye kioo linakuwa galaksi. Umetumia ile programu ya kuondoa mteremko wa mwanga (anga kung'aa zaidi upande mmoja wa picha) kiotomatiki? Ile nimeshaiona ikitengeneza pete nyeusi kuzunguka galaksi, halafu nje ya ile pete panabaki weupe unaofanana na tao. Mimi kitu chochote kinachohitaji kuvutwa hivyo sikiamini.

#3 Bamba la Kioo
Tausi, usiharakishe. Kuvuta picha hakukuanza na kompyuta.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha giza, nikisafisha filamu za eksirei. Filamu ikija nyepesi mno daktari anaitupa. Mimi nilikuwa naichukua, naiweka uso kwa uso na filamu nyingine yenye ukali mkubwa wa weusi na weupe, naibana kwa kioo kizito, kisha naimulika kwa taa iliyofunikwa karatasi ya maziwa ili nuru itoke kila upande. Unaitia nakala kwenye dawa, unaitikisa taratibu chini ya taa nyekundu, na kwenye dakika ya pili mbavu zinaanza kupanda kutoka kwenye weupe mtupu. Vidole vinanuka dawa mpaka kesho yake, lakini mbavu zipo. Sikuzichora mimi.

Baadaye nikaja kusoma kwamba David Malin, mkemia Mwingereza aliyehamia Australia mwaka 1975, alifanya jambo hilo kwa galaksi, tena kwa ustadi ambao sisi hatukuufikia. Alichukua mabamba ya kioo ya darubini ya Schmidt, ile ya kupiga uwanja mpana wa anga, ya mita 1.2 iliyoko Siding Spring hukohuko Australia, na kuyanakili hivyohivyo. Siri iko kwenye unene wa ule utando wa dawa. Nuru dhaifu ya galaksi huamsha chembe za fedha zilizo juu juu, karibu na uso. Ukungu wa dawa yenyewe, ule unaotokea hata bamba lisipopigwa picha, umetapakaa mpaka chini. Ukibana uso kwa uso na kumulika kwa nuru iliyotawanyika, chembe za juu zinaacha kivuli kikali kwenye nakala, na za chini kivuli chao kinayeyuka. Kwa hiyo unakuza habari na kuuacha ukungu nyuma. Mwaka 1979 akaonyesha mkia mrefu unaotoka kwenye M89, galaksi ambayo watu walikuwa wameitazama tangu 1781 wakidhani ni duara tupu lisilo na hadithi.

Kwa hiyo Mkesha, unavyovuta histogramu unafanya kazi yenye ukoo mzuri. Kilichobaki ni kujua unakuza habari au unakuza ukungu.

#4 Mgeni77
Nimejiunga leo, niwieni radhi kwa swali la mwanzo. Kwa nini wasifungue tu kamera muda mrefu zaidi? Ukitaka kitu hafifu si unangoja?

#5 Hesabu Kali
Mgeni77, karibu, swali lako ndilo kiini cha uzi huu.

Anga ya usiku haiko nyeusi. Hata mahali penye giza la kweli, pasipo mwezi wala taa, anga ina mwangaza wa takriban magnitudi 22 (kipimo ambacho namba ikikua, mwangaza unapungua) kwa kila sekunde ya tao ya mraba, yaani kipande kidogo sana cha anga; "tao" hapo ni kipimo cha pembe tu. Hewa ya juu inang'aa yenyewe, vumbi la kati ya sayari linarudisha nuru ya jua, na nyota zisizoonekana zinaongeza kidogo. Sasa matao haya tunayoyazungumzia yako kwenye 27 au hafifu zaidi. Tofauti ya magnitudi 5 ni mara 100. Yaani unatafuta kitu chenye mwangaza wa asilimia moja ya anga kilichokaa juu ya hiyo anga.

Chukua pikseli moja. Imekusanya fotoni 10,000 za anga. Tao limeongeza 100. Lakini fotoni za anga zenyewe hazinyeshi sawasawa, zinapanda na kushuka kwa kipeuo cha pili cha 10,000, ambacho ni 100. Kwa hiyo tao lote limezama ndani ya mtikisiko wa anga. Ukirundika picha 100, tao linakua mara 100 na mtikisiko mara 10 tu. Hapo ndipo linapoanza kuchungulia. Kungoja kunasaidia, ila kila unachongoja kwa ajili ya tao, anga nayo inakipata.

Na hapa Tausi ana hoja nzito. Kama flati yako, ile picha ya kusawazisha mwanga wa uwanja mzima, ina kosa la asilimia moja, kosa hilo lina ukubwa uleule wa tao. Kurundika hakuliondoi. Picha elfu zenye kosa moja zinalithibitisha kosa.

#6 Bamba la Kioo
Naongezea kwa Mgeni77. Kwenye mabamba kungoja kulikuwa na ukuta. Lile bamba la Kodak lililoitwa IIIa-J, lenye chembe ndogo, lilipigwa saa moja au moja na nusu hivi, baada ya hapo anga inalijaza weusi na hakuna unachopata tena. Tena bila kulipika kwanza ndani ya nitrojeni na haidrojeni lilikuwa zito mno kuamka, kwa sababu nuru dhaifu inayokuja polepole hupotea njiani kabla chembe haijashika. Ndiyo maana Malin alikuwa akiunganisha nakala za mabamba kadhaa ya uwanja mmoja. Ni kurundika kuleule, kwa mikono na gizani.

#7 Fundi Lenzi
Malin huyohuyo ndiye aliyevumbua kinyago cha ukungu, na mwaka 1979 akapata ile galaksi kubwa inayoitwa Malin 1. Heshima yake.

#8 Binti Zohali
Fundi Lenzi, mawili hapo yanahitaji kunyooshwa.

Kinyago cha ukungu kilikuwepo tangu miaka ya 1930, wapiga chapa na wapiga picha wakikitumia. Malin alikileta kwenye galaksi: unatengeneza nakala chanya yenye ukungu kutoka kwenye negativu, unaibandika juu ya negativu yenyewe, na yale maeneo mapana yenye weusi mkubwa yanafutana. Yanabaki mambo madogo madogo yaliyokuwa yamemezwa. Kazi yake ni kinyume cha ile ya #3. Ile inakuza kilicho hafifu kabisa, hii inafichua kingo ndani ya kilicho king'avu. Wengi wanazichanganya.

Na 1979 ni mwaka wa mkia wa M89. Malin 1 ilipatikana 1986. Walikuwa wakitafuta vigalaksi hafifu kwenye kundi la galaksi la Virgo, wakakuta kimoja chenye kiini kidogo na ukungu mpana. Haidrojeni yake ilipopimwa, inakimbia karibu kilomita 25,000 kwa sekunde, wakati Virgo lenyewe ni 1,100 hivi, na galaksi kadiri inavyokuwa mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Kumbe si kigalaksi cha jirani. Ni jitu lililoko zaidi ya miaka ya nuru bilioni moja, na diski yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya galaksi yetu. Lilikaa kwenye mabamba bila kuonekana kwa sababu nuru yake imetandazwa nyembamba mno.

#9 Fundi Lenzi
Nimepokea, asante dada. Nilichanganya miaka.

Ila nina kisa changu. Niliwahi kupata tao kamili pembeni mwa galaksi, kali na zuri, nikalitazama kila siku kwa wiki mbili. Nikaenda mpaka kupima upana wake. Siku moja nikaangalia fremu zilizopigwa galaksi ikiwa karibu na ukingo wa picha, na tao likawa limehama. Lilikuwa nuru ya nyota moja angavu iliyogonga kihisio, ikarudi kwenye kichujio, ikaangukia tena kwenye kihisio. Duara kubwa la nuru ya nyota, nami nilikuwa naona robo yake tu. Iliniuma kweli. Tangu siku hiyo sipigi uwanja wowote bila kuihamisha darubini kidogo kati ya fremu na fremu, na nyota angavu iliyo nje ya picha naitafuta kwenye ramani kabla sijaanza.

#10 Tausi wa Usiku
Ndicho nilichosema. Tao zuri, wiki mbili, kumbe kichujio.

#11 Somo
Tausi leo umepata sherehe. Basi nikupe kubwa zaidi, halafu nikunyang'anye.

NGC 5907, galaksi inayoonekana kwa ubavu, nyembamba kama wembe. Mwaka 1998 ilitangazwa kuwa na kitanzi hafifu cha nyota. Mwaka 2008 ikatoka picha ndefu iliyopigwa kwa darubini ya nusu mita, ikionyesha vitanzi viwili vilivyosokotana kama utepe. Picha ile ilisambaa kila mahali, na watu wakatengeneza vielelezo vya kompyuta vinavyoeleza jinsi kigalaksi kimoja kinavyoweza kuzunguka hivyo. Mwaka 2019 kundi la Dragonfly, wale wanaofunga lenzi nyingi za kamera za milimita 400 pamoja badala ya kioo kimoja kikubwa, wakapiga galaksi hiyohiyo. Waliona mkondo mmoja mrefu. Kitanzi cha pili hakikuwepo.

Hapo Tausi unafurahi. Lakini kumbuka kwamba mkondo wa kwanza ulibaki. Picha zote tatu zinaukubali. Kwa hiyo dawa ya picha iliyovutwa ni picha nyingine iliyopigwa kwa chombo kingine na watu wengine. Kukataa kuvuta kungetukosesha vyote viwili.

#12 Tausi wa Usiku
Sawa, huo nautambua. Chombo kingine, watu wengine. Hapo tunaelewana.

#13 Nuru Hafifu
Nakaa kimya mpaka hapa, sasa niseme. Wote mnagawa mambo mawili: kitu cha kweli au kosa la chombo. Kuna la tatu ambalo limewatesa wengi: kitu ni cha kweli, kipo angani, ila hakina uhusiano na galaksi.

Galaksi yetu ina mawingu membamba ya vumbi yaliyotapakaa hata mbali na ule ukanda wa Njia Nyeupe. Yanaakisi nuru ya nyota zetu wenyewe na yanaonekana kama nyuzi, matao, mikia. Chombo chochote utakachotumia kitayaona, kwa hiyo kipimo cha Somo hakitoshi. Mfano ni tao la Arp pembeni mwa galaksi ya M81. Mwanaanga Halton Arp alilipiga mwaka 1965 na kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa sehemu ya M81. Mwaka 2010 watafiti wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya nuru yake inaelekea kutoka kwenye vumbi la kwetu. Na bado ndani ya eneo hilohilo zipo nyota changa ambazo ni za umbali wa M81 kweli. Yote mawili yamekaa mstari mmoja wa macho.

Mkesha, tafuta ramani za vumbi za setilaiti, IRAS au Planck, uone kama tao lako lina mwenzake kwenye mawimbi ya joto.

#14 Mgeni77
Najifunza mengi. Tukisema ni la galaksi kweli, linatokana na nini? Na hayo maganda ninayoyaona watu wakiyataja kwenye galaksi za umbo la yai ni kitu kimoja na matao?

#15 Binti Zohali
Maganda ni ukoo mmoja na matao ila umbo tofauti. Malin na David Carter waliyatangaza mwaka 1980 na mwaka 1983 wakatoa orodha ya galaksi 137 zenye maganda au mawimbi. NGC 3923 ndiyo inayotajwa zaidi.

Maelezo yanayopendwa ni haya: kigalaksi kinadumbukia karibu moja kwa moja kwenye kiini cha galaksi kubwa na kusambaratika. Nyota zake zinakwenda na kurudi kama watoto kwenye bembea. Bembea inasimama kidogo kila inapofika mwisho wa safari yake, kwa hiyo pale mwisho nyota zinajazana na kufanya ukingo mkali. Zenye safari ndefu zinajazana mbali, zenye fupi karibu, na maganda yanapishana upande huu na upande ule.

#16 Hesabu Kali
Si maelezo pekee. Wengine mwanzoni walisema gesi ilisukumwa nje kwa kishindo, ikabanwa, na nyota zikazaliwa kwenye ganda lenyewe. Wengine wakasema hakuna kigalaksi kilichokufa: jirani alipita tu karibu na kutikisa nyota za galaksi yenyewe, maganda yakawa mawimbi. La gesi lina tatizo, maana ungetegemea nyota za buluu changa, na maganda mengi rangi yake haitofautiani sana na ya galaksi. La wimbi mimi silifuti moja kwa moja kwa galaksi chache. Kule kupishana pande mbili kunampa Binti Zohali nguvu, lakini si kila galaksi ya maganda ina mpangilio safi namna hiyo.

#17 Binti Zohali
Chache, sawa. Ila ukileta NGC 3923 nitakushika hapohapo.

#18 Somo
Tukiwa hapohapo kwenye maelezo yanayogombana, kuna lile tao la oksijeni karibu na Andromeda. Lilitangazwa Januari 2023, wapiga picha wasio wa kulipwa wakiwa mstari wa mbele, na picha zilizoanzisha zilipigwa kwa darubini ya lenzi ya milimita 106. Galaksi iliyopigwa picha kuliko karibu zote, na hakuna aliyekuwa ameliona, kwa sababu hakuna aliyekaa na kichujio cha oksijeni usiku baada ya usiku kwenye uwanja mpana hivyo. Lipo. Wengine wamelithibitisha. Je, liko kwenye ukingo wa Andromeda au ni gesi ya kwetu iliyopita mbele? Hapo bado watu wanavutana.

#19 Fundi Lenzi
Ndiyo maana lenzi ndogo zisidharauliwe. Kitu kilichotandaa, darubini kubwa haikifanyi king'ae zaidi kwa kila eneo machoni. Inakikuza tu. Ukitumia jicho, mwangaza wa eneo hauzidi ule wa jicho tupu. Kinachohitajika hapa ni nuru safi isiyotapakaa ndani ya chombo, na lenzi isiyo na kioo cha pili katikati ina faida yake.

#20 Mkesha
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili za mawingu. Asanteni wote, nimesoma kila neno.

Nilichofanya ni hiki. Nimeigeuza kamera nyuzi 90. Flati mpya, kitambaa cheupe kilichokazwa mdomoni mwa darubini na anga ya alfajiri. Nimehamisha darubini kila baada ya fremu tatu. Mteremko wa mwanga nimeuondoa kwa mkono, nikiweka alama mbali na galaksi, na tofauti ya Tausi nimeiona kwa macho: ile programu ya kiotomatiki ilikuwa imekula ukungu wa nje wa galaksi wote.

Matokeo: wingu la kona limebaki kona ileile ya picha wakati galaksi imegeuka. Kwa hiyo ni la kamera yangu, nimelizika. Tao limegeuka pamoja na galaksi. Ni jembamba kidogo kuliko mwanzo, ila liko palepale kati ya nyota zilezile mbili.

#21 Tausi wa Usiku
Kazi safi mkuu. Kwa tao nimesogea hatua moja. Bado nauliza la Fundi Lenzi: nyota angavu ya nje ya picha, je? Mrudisho wa namna hiyo unaweza kufuata anga pia ukihama kidogo tu.

#22 Nuru Hafifu
Tao hilo la M83 halianzi na Mkesha. Kwenye picha za Malin za M83 lipo, upande huohuo. Wengi wanalisoma kama kigalaksi kilichochanwa na mvuto wa M83. Kwa hiyo la mrudisho naliweka chini. La vumbi siliondoi kwa kipande chote, maana M83 haiko mbali sana na ukanda wetu.

#23 Hesabu Kali
Na kuna la mkono wa nje. Mwaka 2005 setilaiti ya GALEX, iliyotazama kwa nuru ya urujuanimno, ilionyesha nyota changa za M83 zikienda mbali sana nje ya diski tunayoijua, na haidrojeni yake imetandaa mbali zaidi. Sehemu ya nuru ya Mkesha inaweza kuwa hiyo. Rangi ingesema: mkono wa nyota changa utakuwa wa buluu, kigalaksi kilichochanwa kitaelekea umanjano. Mkesha, umepiga kwa kamera ya rangi? Pima buluu na nyekundu kando kando, kwa maeneo makubwa ya pikseli 50 kwa 50, usipime pikseli moja moja.

#24 Mkesha
Nimepima. Mtikisiko bado ni mkubwa kuliko tofauti yenyewe. Nahitaji saa nyingine kama kumi za giza bila mwezi.

#25 Bamba la Kioo
Ukisubiri giza, geuza picha iwe negativu, tao jeusi juu ya anga nyeupe, uitazame ukiwa umerudi nyuma hatua mbili. Jicho linashika kijivu hafifu juu ya weupe kuliko weupe hafifu juu ya weusi. Tulisoma filamu hivyo miaka yote. Iweke hapa nasi tuione.

#26 Mkesha
Hii hapa, nimeigeuza.

#27 Binti Zohali
Tao naliona bila shida. Ila angalieni upande wa kusini, chini ya ile jozi ya nyota ndogo. Mimi naona kipande cha pili, kifupi, kinapinda kuelekea ndani. Kuna mwingine anakiona?

#28 Mgeni77
Nakiona.

#29 Tausi wa Usiku
Sikioni.

#30 Fundi Lenzi
Nakiona nikirudi nyuma, nikisogea kinapotea. Mkesha, piga tena, na safari hii sogeza uwanja kusini.